Kabla hujaamini unachowaza, jiulize umekula

Sisi walimu tuna ushauri tunaougawa bure kila siku: "Acha hisia, tumia akili." Nimekaa sekondari muda wa kutosha kuona kwamba haumsaidii mtu. Mwanafunzi anayetetemeka nje ya chumba cha mtihani hawezi kuiacha hofu mlangoni akaingia na akili peke yake.

Na hata angeweza, ingemletea balaa. Mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio alisimulia habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot, aliyeondolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Alipopimwa akili alionekana mzima: kumbukumbu ipo, lugha ipo, hesabu zipo. Kilichoondoka ni kuguswa moyoni. Alieleza mikasa ya maisha yake mwenyewe kana kwamba imempata mtu mwingine. Kwa ushauri wetu, huyu ndiye angekuwa bingwa wa maamuzi. Kumbe kazini aliweza kumaliza mchana mzima akiwaza apange makaratasi kwa tarehe au kwa ukubwa. Kazi ikamshinda, akaingia ubia mbaya akafilisika, na ndoa ikavunjika. Hisia ndiyo inayotuambia lipi lina uzito na lipi tuliache lipite.

Shida ni kwamba hisia haijitambulishi. Mimi hili nimejifunza kwa kalamu nyekundu. Toa insha ya "Siku nisiyoisahau" kwa darasa la kidato cha pili, nusu yao wataanza, "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilipokuwa likichomoza." Nikiisahihisha baada ya chai ya saa nne, natabasamu naendelea, mtoto anatafuta mlango wa kuingilia. Nikiisoma saa tisa, nimetoka kikaoni na chakula cha mchana sijakiona, sentensi ile ile inanichoma. Sasa naona uvivu. Nikifika daftari la saba naona darasa zima halijali, wazazi hawafuatilii, na mitaala imeharibika. Tumbo halikusema lina njaa. Lilikuja na hoja, tena zenye mantiki.

Kwa hiyo alama za kwanza naziandika kwa penseli. Nikishakula, narudia daftari chache za mwanzo na chache za mwisho, ndipo kalamu nyekundu inatoka.

Kumbukumbu nazo zinachangia. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Gordon Bower aliandika jinsi hali ya moyo inavyovuta kumbukumbu zinazofanana nayo. Mtu yeyote aliyewahi kugombana na mwenzake analijua hili: mmeanza na kikombe kisichooshwa, dakika tano baadaye umekumbuka alichokufanyia kwenye harusi ya dada yako. Wema wake wote hauonekani. Haujafutika, ila kwa wakati ule hauitiki ukiitwa.

Sasa geuza upande. Miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili mjini Philadelphia, aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na sentensi fupi fupi za haraka kichwani, nao walizipokea bila kuzihoji. "Sifai." "Hakuna anayenitaka." Moyo ukafuata sentensi. Mimi huziona sentensi hizo wakati wa mtihani wa moko. Mtoto anafungua karatasi, swali la kwanza halijui, kichwa kinamwambia "nimefeli", jasho linamtoka, na swali la pili, ambalo tulilifanya ubaoni wiki iliyopita, analisoma mara tatu bila kuelewa.

Wanangu nawaambia waiandike ile sentensi pembeni ya karatasi ya kufanyia hesabu, waitazame. "Swali la kwanza silijui" ni habari. "Nimefeli" ni hukumu, na bado maswali tisa hayajasikilizwa. Ikishaandikwa, wengi wanaiona ilivyo ya ajabu.

Na neno "tulia" nimeliacha. Moyo unaodunda hautulii kwa amri. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha majaribio ambamo watu waliotakiwa kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri zaidi walipojiambia wana hamu na jambo lile kuliko walipojiambia wametulia. Mwili wa mwenye hofu na wa mwenye hamu wote unadunda. Ni rahisi kubadili maana ya mdundo kuliko kuuzima. Basi mlangoni mwa chumba cha mtihani nawauliza, "Mna hamu nao?" Wanacheka. Kicheko chenyewe ni nusu ya dawa.

Ila tusidanganyane. Mtoto aliyerudishwa kwa sababu ya ada akikaa dirishani anawaza, fikra zake hazina kosa lolote. Kumwambia abadilishe mtazamo ni kumtukana. Hapo ninachopenda ni mtindo wa Harare, Zimbabwe, ambako daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa na watu waliolemewa na mawazo kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi anasikiliza, mtu anataja matatizo yake yote, kisha wanachagua moja tu la kuanza nalo. Kwa mtoto wangu wa dirishani, moja hilo huwa ni kwenda naye kwa mhasibu tuulize kama mzazi anaweza kulipa kidogo kidogo.

Na yule ambaye wiki mbili zimepita halali vizuri, hali chakula, hata mpira alioupenda hautaki, simpi penseli wala maswali. Naongea na mzazi wake tumpeleke hospitali, siku hiyo hiyo ikiwa anazungumzia kufa.