Maswali ya Wasomaji: Dripu Moja Badala ya Saba

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anaishi na virusi vya UKIMWI na amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na fangasi. Tumeambiwa atawekewa dripu moja tu ya amfoterisini iliyofungwa katika chembe za mafuta, ilhali binamu yetu aliyeugua maradhi hayo zamani aliwekewa kila siku kwa wiki nzima, akitetemeka kwa baridi hadi figo zikaanza kumsumbua. Je, hii ni dawa nyingine, au hospitali inabana matumizi?
Msomaji, Mbale, Uganda

JIBU: Pole kwa kuuguza. Dawa ni ile ile, na hakuna kubana matumizi. Aina hii ndiyo ghali zaidi.

Amfoterisini huua fangasi kwa kung'ang'ania ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa seli zake, kisha kuutoboa utando huo. Bahati mbaya, utando wa seli zetu una kolesteroli, inayofanana na ergosteroli kiasi cha kuifanya dawa ikose shabaha, na figo ndizo huumia zaidi. Katika aina atakayopewa mdogo wako, dawa imepachikwa ndani ya kuta za liposomu, yaani vipovu vya mafuta visivyofikia upana wa nanomita 100, ambavyo huizungusha mwilini bila kuiachia ovyo mpaka viguse fangasi. Kwa hiyo mgonjwa huweza kupewa kwa mkupuo miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake, wakati ile ya zamani hutolewa miligramu 1 kwa kilo kwa siku.

Mwenye kilo 60 atahitaji miligramu 600, yaani chupa 12 za miligramu 50. Utamwona muuguzi akitia maji ya sindano katika kila chupa na kuitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha akichanganya kimiminika hicho cha manjano na dripu ya glukosi, kamwe si ya chumvi, kwa sababu chumvi huviharibu vipovu hivyo.

Utaratibu huu ulijaribiwa Uganda kwenu, pamoja na Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa ndani ya wiki 10 walifariki asilimia 24.8 ya waliopewa dripu moja, na asilimia 28.7 ya waliopewa dripu za siku saba. Madhara makubwa pia yalipungua, ingawa hayakwisha, hivyo figo na damu bado hupimwa. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaupendekeza.

Ila dripu hiyo haifanyi kazi peke yake. Huambatana na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, na flusitosini humezwa mara nne kwa siku, kwa hiyo pangeni zamu ya kumwamsha usiku.