Jamvi la Zege Uani: Je, Tunaweza Kulivunja Wenyewe?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyuma ya nyumba yangu kuna jamvi la zege lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 10, ambalo zamani lilibeba tangi la maji. Upande mmoja limegusana na ukuta wa nyumba. Ninataka kulivunja mimi na mwanangu, ambaye ni mtu mzima, ili tupate bustani ya mboga. Jirani ametushauri tuwashe moto wa magogo juu yake kisha tulimwagie maji, kama wafanyavyo wapasua mawe. Je, njia hiyo inafaa? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiwashe moto huo. Zege huhifadhi unyevu ndani yake, na likipata joto kali kwa ghafla unyevu huo hugeuka mvuke ambao, ukikosa pa kutokea, hurusha vipande kwa nguvu inayoweza kumpofusha mtu. Jamvi la unene huo linavunjika kwa mikono, mradi mjue mnapiga nini na wapi.

Kwanza fikirieni uzito. Jamvi lenu lina mita za ujazo 1.2, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege huwa na takriban kilo 2,400, mtabeba karibu tani 3. Mkipakia kilo 60 kwenye toroli kila safari, mtakwenda na kurudi mara 50 hivi. Kwa hiyo amueni mapema kifusi kitakwenda wapi, na wala msikitupe mtaroni, kwa sababu mvua zikija maji yatarudi kwa majirani.

Pili, chunguzeni kilicho chini na kilicho kando. Tazameni bomba la choo linapotokea na chemba ya maji taka ilipo. Ikiwa mstari wa kuviunganisha unapita chini ya jamvi, sehemu hiyo mtaivunja polepole kwa tindo na nyundo ndogo. Fungeni maji, na kama kuna waya wa umeme unaopita hapo, zimeni umeme. Kisha chimbeni pembeni, jamvi linapokutana na ukuta, mpaka muone msingi. Mkikuta kwamba ukuta umekalia jamvi hilo, simamisheni kazi na kumwita mhandisi au fundi mwenye uzoefu, kwani hapo mtakuwa mnavunja sehemu ya nyumba.

Ikiwa ukuta una msingi wake, chora mstari sentimita 15 kutoka ukutani na kuukata kabla ya jambo lingine lolote, ili ufa usikimbilie kwenye nyumba. Tindo itatosha, ingawa kwa maoni yangu hapa ndipo inapofaa kumlipa fundi mwenye grainda akate mstari huo peke yake.

Sasa nendeni kwenye kona iliyo mbali na ukuta. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya hiyo; ndiyo maana jamvi lililolala sawasawa juu ya udongo humchosha mpigaji bure, ilhali lenye uwazi chini yake hupinda kidogo na kupasuka. Ondoeni udongo chini ya ukingo, ingizeni mtalimbo, inueni sentimita mbili au tatu, kisha sukumieni jiwe chini kwa kipande cha mti, si kwa mkono. Aliyeinua aondoke kabisa ndipo mwenzake apige kwa nyundo ya kilo 5, sentimita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, akisogeza kila pigo upana wa kiganja katika mstari mmoja. Mlio mkali wa mwanzo utabadilika uwe mzito na mfupi, na mtaona ufa mwembamba kama uzi. Hapo msiongeze nguvu, bali chokonoeni kwa mtalimbo mpaka kipande kitoke.

Mkikutana na nondo, zikateni kwa msumeno wa chuma badala ya kuzivuta. Ncha zake huchana vibaya, hivyo hakikisheni mmepata chanjo ya pepopunda. Vumbi la zege lina silika, yaani chembe laini za madini yaliyomo mchangani, ambayo huharibu mapafu pasipo kurekebishika: nyunyizeni maji mara kwa mara na kuvaa barakoa inayobana vizuri, kwa maana leso haitoshi. Miwani ya kazi, glavu na viatu vigumu ni lazima, na mikono ikianza kutetemeka acheni hadi kesho.

Kuhusu bustani, msipande mara moja. Udongo wa chini umeshindiliwa, na chembe za saruji huufanya uwe na chokaa nyingi isiyopendwa na mboga nyingi. Ondoeni kokoto na moramu yote, limeni kina cha sentimita 30 na kuchanganya samadi iliyooza. Kabla ya kupanda, chimbeni shimo la kina hicho na kulijaza maji. Yakikutwa bado yametuama asubuhi ya pili, ongezeni kina.