Jibu: wanafunzi wanaochanganya aina za namba halisi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wanaiweka √16 kwenye namba zisizo za uwiano, yaani zisizoandikika kama sehemu ya namba kamili (..., -2, -1, 0, 1, 2, ...). Ni kwa sababu wanatazama sura ya namba, hawatazami thamani yake. Wakiona alama ya kipeuo, basi, wamemaliza. Kwangu sharti ni moja: rahisisha kwanza, panga baadaye. √16 ni 4, na 12/3 nayo ni 4, kwa hiyo zote mbili ni namba nzima (0, 1, 2, 3, ...).

Kisha waulize swali moja tu: je, inaandikika kama sehemu yenye namba kamili juu na chini, ya chini isiwe 0? Ikiandikika, ni ya uwiano. -3 ni -3/1. 0.333... ni 1/3. √2 haiwezekani kabisa.

Desimali ya namba ya uwiano huisha au hujirudia, lakini kikokotoo kitakuponza hapa. 1/17 hujirudia baada ya tarakimu 16, na vioo vingi havifiki huko, kwa hiyo mwanafunzi ataapa kwamba haijirudii. Wape wagawanye kwa mkono. Wape pia 0.1010010001..., ambayo ina mpangilio lakini hakuna kundi linalojirudia, hivyo si ya uwiano. Darasa langu hubishana sana hapo, nami huwaacha. Na 22/7 ni makadirio ya π, si π yenyewe!

Kwa mchoro, chora masanduku ndani ya masanduku, kila aina ya namba na sanduku lake, si safu za jedwali. Jedwali huwafanya wadhani 5 ina makazi mamoja tu, ilhali ni namba nzima, namba kamili na ya uwiano pia.