Shangazi, mjomba wa binti kaleta orodha

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi kijana wa Isevya hapa Tabora, nina miaka 28, nimesoma Cairo nikarudi, sasa nafundisha kwa kujitolea huku nasubiri ajira, jioni nauza asali ya Sikonge. Kuna binti wa Gongoni tumependana, kwao wana asili ya Oman. Posa ilipokelewa vizuri tu, ila juzi mjomba wake kaleta orodha: seti ya dhahabu, kitanda, kabati, friji, sofa, na nyumba yangu mwenyewe, ya kupanga hataki kusikia. Anasema ndo ustaarabu wa Kiarabu. Mzee wangu nae ananiambia we bado mtoto mpaka uoe. Kule Cairo nimeacha washkaji wana miaka 32, 33, digrii wanazo, bado wanalala chumba kimoja na wadogo zao kisa hawajapata cha kuolea. Nisubiri kama wao au nikope? Halafu mmoja wao anasema atakuja kuoa huku Tabora, inawezekana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukopa kwa ajili ya sofa, hapana, hilo tulimalize mapema.

Sasa huyo mjomba. Anachokuletea kipo kweli, ila kakuletea nusu ya habari. We umekaa Misri, umeona: kijana anatakiwa awe na nyumba, anunue dhahabu ya uchumba wanayoita shabka, halafu fanicha zinaandikwa kwenye karatasi, qayma, bwana harusi anasaini kwamba ni amana ya mke, na akizitapanya anaweza kushtakiwa akaenda jela kabisa. Diane Singerman, mtafiti Mmarekani aliyechunguza sana gharama za ndoa huko, alikuta miaka ya 1990 mwishoni kwamba harusi inakula mshahara wote wa bwana harusi na baba yake kwa zaidi ya miaka mitatu, yaani wasile, wasivae, wasipande hata daladala! Na hapo bado pauni yao haijaachiwa ijipangie thamani sokoni, Novemba 2016, vitu vikapanda bei kama wazimu.

Washkaji zako sio wavivu. Rais wao Nasser miaka ya 1960 aliwaahidi wahitimu wote kazi serikalini, wazee wakapanga maisha hivyo, soma, ajiriwa, oa, basi wewe mtu mzima. Baadae foleni ya ajira ikawa ya miaka na miaka halafu ikakatika kimyakimya, ila masharti ya ukwe hayakupungua hata kijiko. Kijana kabaki katikati, mtoto sio na mwanaume hawajamkubali, maana kule kama hujaoa hukai peke yako watu wakakuelewa. Tunisia na Algeria nako mwanaume wa kawaida anaoa ameshavuka 30. Hata penye mafuta, Emirati walianzisha mfuko wa ndoa mwaka 1992, kijana wao akioa binti wa kwao na akatimiza masharti anapewa dirham 70,000, sa jiulize kama serikali imeingia kulipa hayo mahitaji yamefikia wapi. (Na Waarabu sio wamoja jamani, Yemen walifuta umri wa chini wa kuoa mwaka 1999, kule shida ni vitoto kuozwa.)

Nusu aliyoificha mjomba ni hii. Cairo nyumba zilikuwepo, ila kodi zilikuwa zimegandishwa na sheria na mpangaji hatoki, kwa hiyo wenye nyumba wakaona bora wafunge milango. Mwaka 1996 sheria ikaruhusu mikataba mipya ya muda maalumu, na wachumi waliofuatilia wakakuta vijana wameanza kuoa mapema kidogo. Kwa hiyo hao hao Waarabu anaowataja, kupanga kumewaokoa! Mwambie mshenga wako aende na hiyo, kwa adabu, na chumba na sebule kiwe kimeshaonekana, mwenye nyumba anajulikana, choo cha ndani.

Dhahabu usiikatae. Mahari ni ya binti, sio ya mjomba, kwa hiyo anza kumuuliza mwenyewe anataka nini, nashangaa barua yako nzima hujaniambia yeye kasemaje. Na kuna jambo Waarabu wanalifanya sana ambalo mjomba hakulitaja, mahari kugawanywa, sehemu taslimu siku ya kufunga ndoa na sehemu ya baadae, inaandikwa. Pete na hereni sasa, seti baadae. Ila ni deni kweli hilo, usiandike kwa mbwembwe za siku ile. Friji lisubiri, hela iende kwenye mtaji wa asali maana hiyo ajira unayoingojea mi siioni karibu.

Mzee wako muulize alioa akiwa na nini ndani. Wengi wa rika lake walianza na kitanda cha kamba na redio.

Huyo mshkaji wa Cairo anaweza kuoa huku, ila sheria yetu ya ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na wakwe watataka mtu wa kwao wa kuzungumza nae, sio sauti ya WhatsApp tu. Na umwambie ukweli, Gongoni nako kuna wajomba.