Shangazi na shavu la kijani

Juzi kijana mmoja kaniandikia. Anachora sura za watu kwa penseli hadi unadhani ni picha za simu, ila akishika rangi za mafuta uso unageuka tope. "Kaka, nakosea wapi?" Ningemjibu kwa mistari miwili, lakini kanitonesha.

Mkono wangu ulilelewa na rangi za Tingatinga, zile za makopo zinazong'aa, ambazo tangu enzi za mzee Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, hupakwa kwenye hadibodi na kukauka upesi. Nikahamia rangi za mafuta na haraka ileile. Nilikuwa nimetoka kutazama kazi za Die Brücke, kundi la wachoraji Wajerumani wa rangi kali lililoanzia Dresden mwaka 1905, nikalewa. Nikamketisha shangazi barazani kwake Tanga, nikampaka kijani shavuni, zambarau chini ya macho, mdomo mwekundu wa pilipili. Akaja kutazama, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mwaka 1915 Kirchner, mmoja wa kundi lile, alijichora akiwa na mkono wa kulia uliokatwa kiganja, ilhali mikono yake ilikuwa mizima. Jeshi lilikuwa limemvunja ndani. Sikuthubutu. Yeye alikuwa na sababu ya kujikata mkono, mimi sikuwa na sababu ya kijani kile. Nilikiiga tu. Mwalimu mmoja niliyempelekea picha ile akasema mbele ya wenzangu kwamba nachora hivyo kuficha kutojua kuchora. Miaka imepita, sauti yake bado ninayo.

Nilirudi Tanga baadaye. Safari hii nilimkuta shangazi ametoka kugombana na kaka yake kwenye simu juu ya shamba la marehemu babu. Shingo ilikuwa imemkaza kama kamba ya jahazi. Nikaanza na shingo, nikairefusha kuliko ilivyo, nikaitia buluu, uso ukafuata wenyewe. Mwezi uliopita picha hiyo imenunuliwa kwa kodi yangu ya miezi mitatu. Natumaini mwalimu yule kasikia.

Basi, mdogo wangu, tope linatokana na woga. Unaweka rangi, unaitilia shaka, unaisugua, unaongeza nyingine juu yake. Weka mpigo mmoja wa brashi, uache. Ukiharibu, kwangua kwa kisu, futa brashi kwa kitambaa, rudia. Kivuli usikitengeneze kwa nyeusi. Jaribu buluu na kahawia. Tabaka la kwanza liwe jepesi, la tapentaini, na mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda. Mimi nilipindua mpango huo, na paji la uso la shangazi likapasuka kama tope la mto uliokauka. Rangi hizi hazikauki kama nguo kwenye kamba, huvuta hewa na kugandana taratibu. Nyeupe yaweza kukuchelewesha siku nyingi. Na vitambaa vyenye mafuta ya linsidi usivirundike, huweza kuwaka vyenyewe.

Lakini kabla ya yote hayo, mtazame mtu. Vijana mnakimbilia rangi kali kama wanaonunua viatu vya sikukuu! Kwanza mjue huyo aliyekaa mbele yako kinachomkaza ni nini.

Picha ile ya kwanza shangazi hajaniruhusu kuitundika sebuleni mpaka leo. Ipo stoo, nyuma ya mlango, imegeuziwa ukuta. Kila nikienda naipangusa vumbi, naye ananiuliza kama nimekuja kumtazama yeye au yule wa kijani.