Rejesta ya vihatarishi kwenye hanga ndogo: anzieni kwenye bolti, rangi za jedwali zitafuata

Mkuu, nimekuelewa hivi: mna Caravan tatu (Cessna 208, ndege ndogo za injini moja), mafundi saba, wenye leseni wawili kwa zamu. Mkaguzi kawarudishia rejesta kwa sababu imenakiliwa kutoka kampuni ya ndege kubwa, mpaka slaidi za kuteremkia abiria zimo, kitu ambacho Caravan haina. Unauliza muanzie wapi, ukaguzi wa pili afanye nani watu wakiwa hawatoshi, na kama mnunue programu. Programu naiweka mwisho maana ndiyo nyepesi.

Kwanza neno lenyewe linatuchanganya. Watu wa OSHA (wakala wa usalama mahali pa kazi) wakisema kihatarishi wanamaanisha kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru. Wakaguzi wa ndani wakisema vihatarishi wanamaanisha uwezekano wa hasara. Mkiyachanganya mnapata mstari kama "Kihatarishi: ajali ya ndege", na hapo fundi hana cha kushika. Humu kihatarishi ni hali iliyopo hangani leo, na hatari ni uwezekano wa madhara pamoja na uzito wake.

Mstari mbovu (3C ni daraja la hatari, nalieleza chini): "Uchovu wa mafundi. 3C. Hatua: kukumbushana." Mstari unaofanya kazi: "Bolti za ukubwa unaokaribiana zinachukuliwa kwa kulinganisha na ya zamani, usiku, kwenye makopo yasiyo na lebo." Huu wa pili unaweza kuufuata hadi stoo ukaukuta.

Na si mfano wa kubuni. Juni 10, 1990, BAC One-Eleven ya British Airways ikipanda kutoka Birmingham kwenda Málaga, kioo cha mbele cha upande wa kapteni kiling'oka, kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshikilia mpaka ndege ikatua Southampton. Alipona. Kioo kilikuwa kimefungwa usiku, saa 27 kabla ya safari, na msimamizi wa zamu mwenyewe. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66, na sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi ila fupi kwa kama milimita 2.5. Ukikaa na ripoti ya uchunguzi utakutana na jambo linalowauma mafundi wote: bolti za zamani alizozitoa nazo hazikuwa sahihi. Zilikuwa 7D, katalogi inataka 8D (namba ni urefu, herufi ni unene). Mtunza stoo alimwambia kioo kile hutumia 8D. Yeye akaamini kilichotoka kwenye ndege, 7D hazikutosha, akaenda kuokota nyingine kwenye stoo isiyo na mtu na yenye mwanga hafifu, akaishia na 8C kwa kulinganisha kwa jicho. Ukaguzi wa pili haukuhitajika, kwa kuwa kioo hakikuwa kwenye orodha ya kazi nyeti.

Hesabu vizuizi vilivyokosekana hapo na utakuwa umeandika mistari minne ya rejesta yenu. Namba ya kipuri itoke kwenye katalogi na iandikwe kwenye kadi ya kazi kabla fundi hajaenda stoo. Stoo isitoe kitu bila namba hiyo. Kopo la "bolti mchanganyiko" litupwe, na litupwe lote. Kila hanga inalo, na kila hanga husema ni la dharura tu. Kioo, mlango na dirisha viingie kwenye kazi nyeti.

Sasa muanzie wapi. Acheni orodha za mtandaoni. Chukueni logi buku za miezi 12, mtoe hitilafu zilizojirudia mara mbili au zaidi. Kisha mafundi wote saba wazunguke ndege moja na kujibu swali moja kila sehemu: nikikosea hapa, nani ataona kabla haijaruka? Pale ambapo jibu ni "hakuna", andikeni. Kwa Caravan mtapata waya za eleveta (ubao wa mkia unaoinua na kushusha pua), rada (usukani wa mkia, si ile ya kuona mbali) na eleroni (ubao wa bawa unaolaza ndege upande), bolti za mihimili ya mabawa, propela, mabomba ya mafuta na kontroli yake, kifuniko cha oili chenye kijiti cha kupimia, matundu ya pitoti na statiki (ya hewa inayopimia spidi na kimo), na reli za viti vya marubani. Reli watu huzidharau, lakini tundu likilika au pini ikikosa kuingia, kiti kinarudi nyuma wakati pua inanyanyuka na rubani anakwenda nacho huku ameshika usukani. Kumi na tano zinatosha kuanzia. Rejesta ya mistari 80 haisomwi na mtu.

Kuhusu jedwali la tano kwa tano la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: namba 5 hadi 1 ni uwezekano, herufi A hadi E ni uzito, A ikiwa ndiyo maangamizi. Kosa ambalo mkaguzi hulinusa haraka ni kushusha herufi. Eleveta iliyofungwa vibaya ni A kabla ya mafunzo na ni A baada ya mafunzo. Kinachoshuka ni namba. Ukiandika 3A ikawa 3D kwa sababu mmefanya semina, umejishtaki mwenyewe. Kwenye jedwali la mfano la ICAO hata 1A haiwi kijani, yaani ya kukubalika. Inabaki ya kuvumilika kwa masharti, na masharti hayo ndiyo vizuizi vyenu.

Vizuizi navyo vina daraja. Cha juu ni kile kinachofanya kosa lisiwezekane, kama viunganishi viwili vya ukubwa tofauti. Kinafuata kinachosimamisha kazi, kama saini ya pili ambayo bila hiyo ndege haitoki. Bango la "Kuwa makini" liko chini kabisa, na mimi silihesabu.

Ukaguzi wa pili. Anayekagua asiwe ameshika kazi hiyo, hata kupitisha spana. Mkiwa na wenye leseni wawili, kazi ya waya za kontroli ipangwe siku moja kabla kwa majina: huyu anafanya, huyu haigusi. Wakiingia wote wawili kwa sababu kazi imekuwa ngumu, mmebaki bila mkaguzi, na hapo ndege inasubiri mwingine. Januari 8, 2003, Beech 1900D ya Air Midwest ilianguka Charlotte, watu 21 wakafa. Waya za eleveta zilikuwa zimerekebishwa siku mbili nyuma, hatua kadhaa zikarukwa, na mkaguzi ndiye huyohuyo aliyekuwa akimwelekeza fundi. Akikagua, alikuwa anakagua mawazo yake mwenyewe.

Kufanya kwenyewe ni hivi. Kabla ya kufunga paneli, mkaguzi apitie waya kwa mkono na tochi kutoka kwenye usukani hadi mwisho, aangalie kila puli, kila kikaza waya na kufuli yake. Kisha mmoja aingie chumba cha rubani, mwingine asimame nyuma. Wa ndani asogeze bila kutangaza, wa nje aseme alichoona: "eleveta juu", "eleroni ya kushoto juu". Ukimtangazia "naenda juu, sawa?" atakujibu "sawa" hata ikiwa chini. Kwa eleroni, shika usukani kidole gumba kikiwa wima, uzungushe: gumba linakoelekea ndiko eleroni inakonyanyuka. Embraer 190 ya Air Astana iliruka kutoka Alverca, Ureno, Novemba 11, 2018, na eleroni zilizofungwa kinyume baada ya matengenezo makubwa. Ilitua salama kwenye jaribio la tatu. Mwisho pimeni digrii kwa kifaa na mziandike. "Full and free" (inasogea yote bila kukwama) haisemi kama nusu ya safari ya eleveta imepotea.

Kwenye viwanja vya porini fundi akiwa peke yake, kazi ya kontroli isifunguliwe. Ikibidi, mwongozo wenu wa taratibu uwe umeshasema nani anaruhusiwa kuangalia mara ya pili na kwa kazi zipi. Kuuliza kwa simu saa kumi na moja jioni abiria wakiwa wamekaa juu ya mabegi, jibu linajulikana.

Kukabidhiana zamu ni eneo jingine lisilotaka mchezo. Septemba 11, 1991, Embraer 120 ya Continental Express ilianguka Eagle Lake, Texas, watu 14 wakafa, kwa sababu skrubu 47 za ukingo wa mbele wa mkia zilitolewa na zamu moja na zamu iliyofuata haikujua. Kanuni: mstari wa kadi unafunguliwa kabla ya skrubu ya kwanza kutoka, na unasema "nimetoa 47", si "nimeanza kazi ya mkia". Skrubu ziingie kwenye mfuko wenye namba ya ndege na paneli, lebo nyekundu ifungwe kwenye usukani. Wanaokabidhiana waende wote mpaka kwenye ndege. Ya WhatsApp haihesabiki.

Mna injini moja kwa ndege, kwa hiyo mtadhani kosa moja kurudiwa kwenye kila injini haliwahusu. Mei 5, 1983, L-1011 ya Eastern ikitoka Miami kwenda Nassau ilipoteza oili kwenye injini zote tatu. Vinasa chembe vya sumaku (vinavyokamata vipande vya chuma kwenye oili) vilikuwa vimefungwa bila oringi zake, mipira ya kuziba. Ilirudi Miami kwa injini moja iliyowashwa tena. Kwenu kosa hilohilo litakuja hivi: fundi mmoja, usiku mmoja, filta za Caravan zote tatu. Gawanyeni watu au siku. Na baada ya kazi yoyote ya oili au mafuta, injini iwashwe, izimwe, kisha mtu atazame chini ya kava kwa tochi kama kuna unyevu.

Toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ikiwekewa kipande cha kurefusha mbele, namba ya kuseti hubadilika: zidisha toku inayotakiwa kwa urefu wa renchi, gawa kwa urefu wa renchi na kipande kwa pamoja. Inatakiwa inchi-pauni 300, renchi inchi 12, kipande inchi 3: unaseti 240. Ukiacha 300, bolti inapata 375. Kipande kikikaa pembe mraba na renchi, namba haibadiliki. Bandikeni hesabu hiyo ndani ya kasha la renchi, karibu na tarehe ya kalibresheni.

Saa nane hadi saa kumi na moja usiku msipange kazi nyeti. Fanyeni usafi, kugrisi, makaratasi.

Ripoti za ndani hufa zaidi kwa kutojibiwa kuliko kwa woga. Fundi akiripoti kuwa tambara moja halionekani, ndege isimame mpaka lipatikane, na jibu la ripoti libandikwe ubaoni ndani ya siku tatu. Akilaumiwa kwa kuchelewesha safari, tambara lijalo hutalisikia.

Programu: msinunue. Jedwali la Excel lenye safu nane linawatosha: kihatarishi, mahali, kinachoweza kutokea, kizuizi kilichopo, daraja, kizuizi kipya, jina la mhusika na tarehe. Jina liwe la mtu. "Idara" haiwezi kupigiwa simu. Safu ya tarehe ikipita bila kufungwa, meneja aeleze kwa maandishi kwa nini ndege hiyo inaendelea kuruka.