Hospitali ya chuo na zahanati ya kijijini: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kanda ya kaskazini mwa Tanzania, ambako rufaa nyingi ngumu huishia KCMC mjini Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo pia hufundisha madaktari na wauguzi. Wengi mmeuliza hospitali hiyo itawafaa vipi watu wa mbali. Kwa maoni yetu, msaada wake mkubwa ni ule unaomfikia mgonjwa akiwa bado kijijini.

Mkunga wa zahanati, Simanjiro: Mjamzito akipata kifafa cha mimba, nimpe dawa au nimkimbize tu? Na barua ya rufaa iwe na nini?

Mpe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, ndipo gari liondoke. Barabara ya saa tatu bila dawa hiyo ni hatari kuliko dawa yenyewe.

Dozi kamili ya kuanzia ni gramu 14. Kwanza soma nguvu iliyoandikwa kwenye kichupa. Ikiwa ni asilimia 50, vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate mililita 20, uzichome mshipani taratibu kwa dakika zisizopungua 5. Hizo ni gramu 4. Kisha choma gramu 5, yaani mililita 10 zisizochanganywa na maji, ndani kabisa ya msuli wa kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 katika bomba hilohilo. Mshipa ukikosekana, gramu 10 za msuli zitatosha kumsafirisha. Kosa baya kuliko yote ni kupeleka dawa ya asilimia 50 mshipani bila kuichanganya: mama anaweza kuacha kupumua. Kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu iliyozidi, mililita 10 za asilimia 10, ikae karibu. Presha ikiwa 160/110 au zaidi, mpe pia dawa ya kuishusha iliyoelekezwa kwenye mwongozo wenu. Njiani alale ubavu wa kushoto.

Sasa barua. Wenzako wa hospitali kubwa wanahitaji mambo machache yaliyoandikwa wazi: umri wa mimba, degedege zilianza saa ngapi na zimekuja mara ngapi, presha, mkojo, na upumuaji kwa dakika. La muhimu kupita yote ni dawa gani amepewa, kiasi gani, na saa ngapi. Dozi inayofuata ya msuli hutolewa saa 4 baada ya ile ya kwanza. Ukiandika tu "amepewa magnesiamu", daktari wa zamu atabaki kubahatisha: akirudia dozi nzima, atamzidishia, akingoja, degedege zitarudi. Tumia mtindo mmoja tu wa kuandika saa katika barua yote, ama wa Kiswahili au wa saa 24. "Saa 2" isiyo na asubuhi wala usiku imeshawachanganya wengi. Piga simu wodini kabla hamjaondoka, na kwa usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga piga 115, ni bure.

Mama wa mtoto wa wiki tatu, Lushoto: Mwanangu ana miguu kifundo. Kwa nini wanataka nirudi kila wiki? Hawawezi kumpasua mara moja?

Pole mama, na hongera kwa kuwahi. Upasuaji mkubwa huacha mguu mgumu wenye maumivu ukubwani, ndiyo maana njia ya Ponseti imechukua nafasi yake. Kila wiki mguu hunyooshwa kidogo kwa mkono, kisha hufungwa hogo (plasta ngumu) kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Watoto wengi huhitaji mahogo 5 au 6. Halafu wengi hukatwa kidogo kano ngumu ya nyuma ya kisigino kwa dawa ya ganzi, na hogo la mwisho hukaa wiki 3.

Nyumbani angalia vidole kila unapombadilisha nepi. Vikiwa na rangi yake na vya moto, sawa. Vikiwa vya bluu, vyeupe au vimevimba, rudi siku hiyohiyo. Vidole vikizama ndani, hogo limeteleza, na linakunja mguu vibaya badala ya kuunyoosha.

Wengi hukwama baada ya mahogo. Viatu vilivyounganishwa kwa ufito vivaliwe saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi afike miaka 4 au 5. Mguu ukionekana mzuri, wazazi huviweka kando, na baada ya miezi michache umepinda tena. Uliza kama hospitali iliyo karibu nawe ina kliniki ya miguu kifundo. Kazi hii hufanywa na wahudumu waliofundishwa, si lazima daktari bingwa.

Mwalimu wa darasa la tatu, Same: Nina mwanafunzi mwenye ualbino. Krimu ya kukinga jua anayopewa inatosha?

Krimu peke yake haitoshi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilianza mwaka 1992, na huko Moshi ndiko ulikoanzia utengenezaji wa krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini kinga ya kwanza ni shati la mikono mirefu, kofia pana pande zote na kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Krimu huharibiwa na ubahili: kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo, kingine kwa kila mkono, na arudie kila baada ya saa 2 akiwa nje. Masikio, kisogo na midomo husahaulika, na saratani hupenda kuanzia hapo. Kidonda kisichopona kwa wiki 4 kionwe na mtaalamu wa ngozi. Tafadhali mwalimu, mkalishe mbele karibu na ubao, mbali na dirisha lenye jua, na umwondoe kwenye gwaride la mchana.

Tabibu, Mbulu: Vipande vya nyama ya mwili wa wagonjwa tunavyotuma maabara hurudishwa kuwa vimeharibika. Tunakosea wapi?

Kwa kawaida ni dawa ya kuhifadhia. Tumia formalini ya asilimia 10, yaani sehemu 1 ya formalini kali kwa 9 za maji, ujazo wake uwe mara 10 ya kipande. Maji ya chumvi huacha nyama ioze, na spiriti huikausha. Chombo kiwe na mdomo mpana kwa kuwa nyama hukakamaa, na lebo ibandikwe kwenye chombo, si kwenye kifuniko.

Mganga mfawidhi, kituo cha afya, Kiteto: Mafunzo ya video na mabingwa yana faida kweli?

Yana faida yakihusu wagonjwa wako. Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kilianza mpango wa ECHO, ambamo mabingwa hujadili wagonjwa kwa video na wahudumu wa mbali, mwaka 2003 kwa homa ya ini aina ya C, wakati wagonjwa wa vijijini walikuwa wakingoja kliniki ya bingwa kwa miezi. Utafiti wa wagonjwa 407 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha asilimia 58.2 walipona mikononi mwa wahudumu wa vituo vya mbali, na 57.5 kliniki ya chuo.

Andaa mgonjwa mmoja kwa dakika 5: umri, tatizo, vipimo, ulichofanya, na swali moja. Usitaje jina wala kijiji chake. Baada ya wiki chache mrudishe mgonjwa huyohuyo kwenye kikao, mabingwa wasikie ushauri wao ulifika wapi.